Jimu ya kilomita 400 juu: nyota nne, moja nimeibakiza

Wanaonifuata wanajua kazi yangu. Mchana niko wodini na wagonjwa wa viungo, jioni napita jimu moja baada ya nyingine hapa Dar, za Mikocheni zenye kiyoyozi na za uani kule Mbagala ambako vyuma vimechomelewa na fundi wa mageti, kisha naandika nilichokiona. Kuna dada mmoja amenichosha kwa ujumbe: "Kaka, kila siku wewe ni lawama tu. Hebu tutajie jimu moja ambayo mtu akiingia anatoka na afya kweli." Haya dada, nimekutafutia. Shida yake ni nauli.

Iko ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilomita kama 400 juu ya vichwa vyetu, inakwenda kasi ya kilomita 28,000 kwa saa, na haijawahi kukosa watu tangu Novemba 2, 2000. Sijaikanyaga wala sitaikanyaga. Naiandikia kwa sababu sijui jimu nyingine ambayo wateja wake wanapimwa namna hii: damu, mkojo, mifupa, macho, moyo, kabla ya kuingia, wakiwa ndani, na kwa miaka baada ya kutoka, na majibu yanachapishwa kila mtu asome. Za mjini huwa nazihukumu kwa macho na pua. Hii nimeihukumu kwa vipimo hivyo, na kwa video ambazo wanaanga wenyewe wamepiga wakiwa kwenye tizi.

Wateja wa kule hawatafuti kifua cha kupigia picha. Wanatafuta kurudi nyumbani na nyonga zao. Mwili ukielea hauna unachobeba. Mifupa ya nyonga na miguu, ambayo huku chini inapigwa na uzito wetu kila hatua, kule inakaa bure, na mwili hautunzi kisichofanya kazi: unaimega taratibu, kalsiamu inaingia kwenye damu na kutokea kwenye mkojo. Bila mazoezi ya maana nyonga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kila mwezi. Mama aliyekoma hedhi hupoteza kiasi kama hicho kwa mwaka mzima. Kalsiamu hiyo ikizidi kwenye figo, inaleta mawe. Vigimbi vinanywea, misuli ya mgongo inalegea, na moyo nao unazembea kwa kuwa hakuna tena kazi ya kupandisha damu kichwani.

Sisi wa wodini haya tunayajua. Ndiye yule mgonjwa aliyelazwa muda mrefu. Wala si mimi ninayelazimisha ufanano huo: kule Cologne, Ujerumani, watafiti huwalaza watu wazima wenye afya zao siku 60, kichwa kikiwa chini kwa nyuzi 6, wanakula humo humo, wanaoga humo humo, ili kuiga hali ya angani bila kumrusha mtu.

Jimu yenyewe haikuanza na fahari. Mwaka 1970 Wasovieti wawili, Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov, walikaa karibu siku 18 ndani ya Soyuz 9, chombo kidogo kisicho na nafasi ya kujinyoosha vizuri, na walipotua walikuwa hoi kiasi cha kubebwa. Wamarekani walipoweka Skylab, kituo chao cha kwanza cha anga, mwaka 1973 walianza na baiskeli. Baiskeli ni nzuri kwa moyo, lakini zamu ya kwanza ilirudi na miguu dhaifu. Zamu ya tatu, iliyokaa siku 84, ikapewa bati lililopakwa Teflon, ile ile ya kwenye kikaango kisichogandisha. Unalifunga sakafuni, unajivuta chini kwa mipira ya mabegani, unavaa soksi, unateleza palepale kama unapanda mlima usiokwisha. Vigimbi vinawaka moto ndani ya dakika chache. Hiyo ni jimu ya uani kabisa, na waliotumia bati lile walirudi na miguu yenye nguvu kuliko wenzao wa kwanza. Mafundi wa mageti wa Mbagala, mmesikia.

Sasa tuje kwenye mashine iliyonifanya nikae na kuandika. Inaitwa ARED, ilipelekwa na chombo cha Endeavour Novemba 2008, na imekaa sehemu ya kituo inayoitwa Tranquility, karibu na lile dirisha kubwa la vioo saba. Kabla yake walikuwa na mashine ya muda iliyotumia mpira. Ilifika kilo 136 tu, na mpira una tabia yake: mwanzo wa mvuto ni mwepesi, mwisho ni mzito, na ukitumika sana unachoka. Watu walifanya mazoezi kwa bidii kabisa na bado wakarudi na mifupa iliyopungua.

Swali la fundi lilikuwa hili: unampaje mtu kitu kizito mahali ambapo hakuna kizito? Ukipeleka vyuma vya kilo mia kule, mtoto atavisukuma kwa kidole. Jibu lao lilinifurahisha kwa sababu liko mikononi mwa kila muuguzi. Chukua bomba la sindano tupu, sukuma kitu cha ndani mpaka mwisho, ziba tundu kwa kidole, halafu jaribu kukivuta. Unaona kinavyogoma? Ukikiachia kinarudi chenyewe. ARED ina mitungi miwili iliyonyonywa hewa inayofanya kazi hiyo hiyo, na kwa kuwa mgomo wa ombwe haubadiliki sana kutoka mwanzo wa mvuto hadi mwisho, mtu anahisi ana chuma halisi mabegani. Wameongeza na magurudumu mazito yanayozunguka, ili ule mzito uwe na ukaidi wa kuanza na ukaidi wa kusimama, kama chuma cha kweli kinavyokuwa. Chuma cha mabegani kinafika kilo 272. Kuna na waya wa kuvuta kwa mazoezi ya mikono.

Hesabu yao ya uzito ingewachanganya vijana wengi wa jimu zetu. Kijana wa kilo 80 akichuchumaa na chuma cha kilo 60 hapa Dar, miguu yake haiinui 60 tu, inainua na sehemu kubwa ya mwili wake. Kule mwili hauna uzito, kwa hiyo lazima aongeze takribani robo tatu ya kilo zake mwenyewe. Ili apate zoezi lile lile, mashine inawekwa 120. Ukiona kwenye video mwanamke mwembamba anachuchumaa na namba ambayo hapa ingekusanya watazamaji, usishangae wala usimdharau. Bado ni kazi.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea: mashine nzima imewekwa juu ya mfumo wa kufyonza mtikisiko, inacheza mbele na nyuma pamoja na mtu. Mtu mmoja akichuchumaa kwa mpigo bila kitu hicho, mtikisiko wake unafika kwenye mabawa ya sola na kwenye majaribio ya wanasayansi chumba cha pili. Hapa kwetu anayeangusha vyuma anagombana na jirani wa chini basi.

Je, inafanya kazi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwalinganisha waliotumia mashine ya mpira na waliotumia ARED. Wale wa ARED, waliokula chakula cha kutosha na kumeza vitamini D, walirudi na mifupa yao karibu kama walivyoondoka nayo sehemu nyingi za mwili. Soma tena hayo maneno ya katikati, waliokula chakula cha kutosha. Nimewahi kukataa kumwandikia vyuma mgonjwa anayeshindia chai na andazi, na ndugu zake wakaniona nina roho mbaya. Mfupa haujengwi na jasho pekee. Kikundi kingine kiliongezewa alendronate, kidonge kimoja kwa wiki, dawa hii hii tunayowapa kina mama wenye mifupa milaini, na mchanganyiko wa kidonge na ARED ukalinda nyonga vizuri zaidi.

Lakini nisiwafiche. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa wanaanga 17 waliofuatiliwa mwaka mzima baada ya kurudi. Tisa kati yao, mfupa wa mundi wa mguu ulikuwa haujarejea kama zamani, na waliokaa zaidi ya miezi sita ndio waliokuwa nyuma. Kwa hiyo ARED ni mashine bora kuliko zote nilizowahi kuzichambua hapa, na bado haimalizi kazi.

Mashine ya kukimbilia, T2, ina hadithi ya kuchekesha. Mwaka 2009 NASA, shirika la anga la Marekani, ilifungua kura mtandaoni watu wachague jina la chumba kipya cha kituo. Mchekeshaji Stephen Colbert akawahimiza mashabiki wake waandike jina lake, akashinda. NASA wakaona aibu kukiita chumba Colbert, wakakiita Tranquility, na yeye wakampa mashine ya kukimbilia iliyoungwaungwa maneno mpaka herufi zake zikatamka COLBERT. Imefungwa ukutani, maana kule ukuta na sakafu ni mamoja. Unavaa mkanda mpana wa mabegani na kiunoni, mipira inakuvuta kwenye mashine, unakimbia.

Hapo kwenye mkanda ndipo wateja wanapolalamika. Uzito ambao hapa umesambaa mwili mzima, kule umewekwa kwenye mabega mawili na mifupa miwili ya nyonga. Ngozi inachubuka, mabega yanauma, na wengi hawakimbii na uzito wao kamili kwa sababu hiyo. Anayebeba zege kwa begi baya anaelewa. Hata hivyo Sunita Williams alikimbia mbio za Boston akiwa kule, kwenye mashine iliyoitangulia T2, Aprili 16, 2007, kwa saa 4 na dakika 24, na Tim Peake akakimbia za London Aprili 24, 2016, kwa saa 3, dakika 35 na sekunde 21. Marathoni nzima huku mipira inakuvuta mabega. Mimi ningelia baada ya nusu saa.

Kuna na baiskeli. Haina kiti, kwani makalio hayana pa kushuka. Unafunga viatu kwenye pedali, unapiga. Inatosha kuhusu baiskeli.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho, kwa maoni yangu, kinaipa jimu hii nyota zake kuliko hata ARED: mwalimu. Kila mwanaanga ametengewa takribani saa 2 na nusu za mazoezi kwa siku, siku sita kwa wiki, na hizo zimo ndani ya saa za kazi. Hakuna "nitaenda jioni nikipata nafasi". Ratiba inaandikwa na wataalamu wa mazoezi walioko Houston, kwa Mmarekani mmoja mmoja, na Warusi, Wazungu wa Ulaya na Wajapani nao wana wa kwao. Leo kuchuchumaa kwa kilo hizi mara hizi, kesho visigino, keshokutwa kukimbia kwa vipande vifupi vya kasi. Mashine inahesabu kila kunyanyua, hesabu inashuka chini, mwalimu anasoma, anapandisha au anapunguza. Mwanaanga akisema goti limeanza kulalamika, wiki ijayo programu inabadilika.

Linganisha na jimu moja niliyoipitia miezi michache nyuma, jina nalihifadhi, ambako mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi la kifua anatazama simu huku mama wa miaka hamsini na kitu anavuta waya kwa mgongo uliokunjika. Nilipomsogelea kumweleza, akanijibu, "Bro, kila mtu na mwili wake." Pale palikuwa na vifaa vipya vya mamilioni.

Na mwalimu wa kule hakuachi ukitoka. Mwanaanga akirudi duniani ana siku 45 za kujengwa upya, saa mbili kila siku, anafundishwa kusimama, kugeuka bila kizunguzungu, kuruka, kubeba. Sikio la ndani limesahau chini ni wapi, nyayo zimekuwa laini kama za mtoto kwa sababu zilikuwa hazikanyagi, ilhali juu ya mguu ndipo penye sugu, kwa miezi ya kujibana kwenye vishikizo. Mimi mgonjwa wangu akishatolewa nyuzi, ndugu wanamchukua, nasubiri simu ambayo haiji.

Nina mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, mtu wa Tanga, mwenye maneno yake. Nilimwambia anyanyuke kitini na kukaa mara kumi, asubuhi na jioni. Akaniangalia. "Mwanangu, kusimama na kukaa, hiyo nayo ni dawa?" Nikatoa simu, nikamwonyesha video ya mwanaanga kwenye ARED, anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka.

"Huyu naye kavunjika?"

"Hapana mzee, huyu anajizuia asivunjike."

"Analipwa?"

"Analipwa."

"Ndiyo maana ana bidii." Akanyanyuka mara saba, akagoma tatu zilizobaki, tukakubaliana tutazidai jioni.

Usafi. Jasho la kule halitiririki. Linatuna juu ya ngozi kama utando wa maji, linajikusanya mgongoni na usoni, na ukitikisa kichwa linaruka kwa matone mazima mazima kuelekea kwa mwenzako. Kwa hiyo unajifuta kila mara. Bafu halipo: ni kitambaa chenye maji na sabuni isiyohitaji kusuuzwa. Nguo za mazoezi hazifuliwi. Zinavaliwa mpaka zishindikane, kisha zinapakiwa kwenye chombo cha mizigo kinachokwenda kuungua kikiingia kwenye hewa ya dunia. Kwa mama yeyote mwenye vijana wanaocheza mpira hilo ni wazo zuri. Na lile jasho, pamoja na mvuke wa pumzi na mkojo, linasafishwa na kunywewa tena. Mwaka 2023 walifikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Wanywaji wanasema hayana harufu. Nimewaamini, sitaki kuthibitisha.

Chakula nakipitia haraka. Zamani kilikuwa na chumvi nyingi, na chumvi inasukuma kalsiamu itoke mwilini, kwa hiyo mapishi mengi yamepunguzwa chumvi. Mkate wa kawaida haupendwi kwa sababu makombo yanaelea na kuingia machoni na kwenye mitambo, ndiyo maana tangu 1985 tortilla, chapati za Mexico, zimeshika nafasi yake. Zililetwa na abiria wa Mexico, Rodolfo Neri Vela. Mboga za majani wameanza kuotesha, na mwaka 2015 walikula letusi yao wenyewe. Saladi ya watu sita kwa majani machache, lakini wapeni sifa.

Zahanati ndiyo iliyonishangaza. Hakuna hakikisho la kuwa na daktari ndani, ila mmoja au wawili wa zamu wamefundishwa kushona jeraha, kung'oa jino, kutumia altrasaundi. Kila mmoja ana mazungumzo ya faragha na daktari wake wa chini kila wiki, na mtaalamu wa saikolojia naye ana zamu yake. Kisa ninachokipenda kilichapishwa mwaka 2020. Mwanaanga mmoja, jina limefichwa kama inavyopaswa, alikuwa na miezi kama miwili kituoni. Alijipima altrasaundi ya shingo kwa ajili ya utafiti tu, bila maumivu wala uvimbe, likaonekana bonge la damu kwenye mshipa wa shingo. NASA wakampigia Stephan Moll, bingwa wa mabonge ya damu wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Dawa ya sindano ya kuzuia damu isigande, enoxaparin, ilikuwepo lakini chupa za kuhesabu, kwa hiyo wakapima kipimo ili isiishe kabla chombo cha mizigo hakijaleta vidonge vya apixaban. Fikirini kuvuta dawa kwenye chupa mahali ambapo maji hayashuki chini na kiputo cha hewa hakipandi juu. Alitibiwa kwa zaidi ya miezi mitatu, akamaliza zamu, akarudi, bonge likawa halina tena tishio. Daktari alikuwa mezani kwake North Carolina muda wote huo. Wilayani kwetu kuna watu wanakosa ushauri wa bingwa aliye umbali wa basi moja.

Nyota niliyoibakiza ni ya macho. Huku chini damu na maji ya mwili vinavutwa miguuni. Kule vinapanda kifuani na kichwani, ndiyo maana kwenye picha za siku za kwanza nyuso zao zimevimba na miguu imekuwa vijiti. Mwaka 2009 wanaanga wawili ambao wote ni madaktari, Michael Barratt na Robert Thirsk, waligundua kule kule kwamba macho yao ya karibu yameharibika, wakachunguzana. Mwaka 2011 wakachapishwa wanaanga saba wenye mabadiliko: neva ya jicho imevimba pale inapoingilia, tufe la jicho limebonyea kwa nyuma. Sasa inakadiriwa karibu asilimia 70 ya wanaokaa muda mrefu huonyesha dalili fulani. Wanapewa miwani ya akiba kabla ya kuondoka. Warusi wana suruali iitwayo Chibis, inanyonya hewa kuzunguka miguu ili damu ishuke, na inatumika hasa wanapokaribia kurudi. Wamarekani wanajaribu mikanda ya mapajani. ARED haisaidii hapa hata kidogo, na wapo wanaojiuliza kama kubana pumzi chini ya chuma kizito hakuongezi shinikizo kichwani. Jimu inayolinda nyonga na kuacha macho siwezi kuipa tano.

Mionzi nayo. Kwa siku moja kule mtu anapokea kama anachopokea mtu wa chini kwa miezi miwili au zaidi. NASA imeweka ukomo wa milisivati 600, kipimo cha mionzi mwilini, kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga, na hakuna zoezi linalofuta hilo. Sikuikata jimu nyota kwa jambo ambalo si la jimu.

Kwa wanaouliza uimara wa huduma mteja akikwama: Juni 2024 Butch Wilmore na Sunita Williams walikwenda kwa jaribio la siku kama nane. Chombo chao kikaleta matatizo, kikarudishwa kitupu, na wao wakarudi Machi 18, 2025, baada ya siku 286. Wangekuwa wale wa 1970 tungezungumza habari nyingine. Hawa waliingizwa kwenye ratiba, wakapewa saa zao za ARED, na mitandao ilipovumisha kwamba Williams amekonda, alijibu kwamba uzito wake ni ule ule, ila mapaja yameongezeka kwa kuchuchumaa sana. Mteja aliyekuja kwa siku nane akatoka na mapaja. Sijawahi kuandika sentensi hiyo kuhusu jimu yoyote ya hapa.

Kinachokuja kinanigusa zaidi. Safari ya Mirihi ni kama miezi sita hadi tisa kwenda tu, na ARED haiwezi kuingia kwenye chombo cha namna hiyo, ni kubwa mno. Wanaanza kupunguza: kuna majaribio ya wanaanga kukaa bila kabisa mashine ya kukimbilia, na kwa chombo cha Orion, cha safari za Mwezini, wametengeneza kifaa cha kilo kama 14, kidogo kuliko begi la kuingia nalo ndani ya ndege. Ndani kuna gurudumu zito na kamba. Unavuta, gurudumu linazunguka, linaivuta kamba irudi, na kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo linavyokurudishia, mpaka kilo 180 hivi. Unapiga makasia, unachuchumaa, unainua.

Nina wagonjwa wanaoishi chumba kimoja Manzese na Tandale, kitanda, jiko na watoto watatu, ambao kila nikiwaambia mazoezi wanaangalia kuta. Kifaa cha ukubwa huo kinaingia chini ya kitanda. Siku kikiuzwa madukani, mimi ndiye wa kwanza kuuliza bei Kariakoo.